Mikono ya mama ndani ya Jiwe la Bismarck: nakosea wapi kwenye kuediti picha kwa simu?

Binti wa Mwaloni

Habari za jioni wakuu. Mimi si mpiga picha. Nina kibanda cha uwakala wa pesa Kirumba, hapa Mwanza, karibu na lango la soko la samaki la Mwaloni, na kazi hii mnaijua: kuna nusu saa watu wanasukumana mpaka floti inakata, halafu kuna saa mbili nzima unahesabu nzi. Hizo saa mbili ndizo zilizoniingiza kwenye ugonjwa huu.

Ilianza na korongo. Wale wakubwa wenye vipara wanaotembea sokoni kama maofisa wastaafu waliokuja kukagua mizigo. Mmoja alipanda juu ya viroba vya dagaa akasimama mguu mmoja, nikampiga. Jioni nikafungua Snapseed, ile programu ya kuediti picha, nikafuta nyaya za umeme nyuma yake, nikaikoza anga, nikarusha WhatsApp. Watu wakasifia. Basi, nikawa nimekwisha. Sasa simu imejaa: ndoo zilizopangwa, kamba za mitumbwi, magamba ya sangara yaliyogandia kwenye kisu, kandambili moja ya mguu wa kulia iliyoletwa na maji.

Shida yangu ni hii. Wiki mbili zilizopita dada yangu aliangalia picha zangu kama kumi hivi mfululizo akasema, "Mbona zote zimekaa kama bango la kampeni?" Nilinuna, lakini nilivyozirudia usiku nikaona kweli. Ziwa limekuwa bluu ya sabuni. Ngozi za watu zinang'aa kama wamepakwa samli. Kila punje ya mchanga inapiga kelele, hujui uangalie wapi.

Nikasema nitulie, nitengeneze moja yenye maana. Mama yangu anaanika dagaa, hiyo ndiyo kazi iliyonisomesha. Ana namna yake ya kuchambua: mkono wa kushoto unatandaza, wa kulia unaokota kokoto na vifuru vilivyojichanganya, na kidole gumba hakitulii, kinasugua sugua kama anahesabu noti. Halafu ana msemo wake, kila akiinuka jioni anashika kiuno: "Mgongo umekuwa Bismarck." Ndipo likanijia wazo niiweke mikono yake kwenye lile jiwe lenyewe, Jiwe la Bismarck lililosimama ziwani hapa mjini.

Nikapiga mikono saa saba mchana. Picha ya jiwe ninayo, ya jioni, mwanga mzuri wa dhahabu. Nikaingia PicsArt, nikaikata mikono kwa kidole, saa nzima, kibanda kimefungwa nusu. Nikaiweka juu ya jiwe. Matokeo nimeambatisha hapo chini. Imekaa kama stika ya nyuma ya daladala.

Sikukoma. Nikaenda steshenari moja mjini nichapishe A3, jamaa akasema nirushie WhatsApp. Nikarusha. Ikatoka imefubaa, ziwa jeusi kama chai ya mkandaa, vidole vya mama vina vigae vigae. Elfu kumi yangu imelala kabatini.

Naomba mwongozo: kuunganisha picha mbili bila kuonekana zimebandikwa, na nitajuaje pa kuacha, maana mimi nikianza kusogeza vile vitelezi siachi mpaka chaji iishe. Na hiyo ya kuchapisha. Msiniambie ninunue kamera. Simu ni Tecno yenye ufa kwenye kona, ndiyo hiyo hiyo.

Kibua Mkavu

Huyo korongo wa mguu mmoja namfahamu, ana deni langu la sato mzima. Hata ukimweka rangi za upinde wa mvua nitamtambua.

Mtoto wa Igoma

Sister unajitesa. Siku hizi unaandika tu maneno kwenye AI, "mikono ya mama inachambua dagaa ndani ya jiwe", sekunde kumi kazi imeisha.

Binti wa Mwaloni

@Mtoto wa Igoma nilijaribu kabla ya kuja hapa. Ilinipa bibi mwenye shanga mpaka kwenye viwiko, anashika samaki wa kopo, na mkono mmoja una vidole sita. Jiwe lilikuwa zuri, sikatai.

Fundi Nyegezi

Dada, tatizo lako wala si mkasi. Picha yako ina majua mawili. Angalia mikono: kivuli kimeanguka chini ya viganja moja kwa moja, jua la utosini. Angalia jiwe: linawaka ubavu mmoja tu, wa ziwani. Anayeangalia anaweza asijue lolote la upigaji picha, lakini jicho lake linagoma. Ungekata hata kwa wembe isingekaa.

Achana na kukata kabisa. Mimi nafanya hivi.

Rudi kule upande wa kivuko cha Kamanga jua likikaribia kuzama. Hapa kwetu ni karibu saa moja jioni mwaka mzima, haichezi sana, lakini likishagusa maji linaondoka haraka, kwa hiyo wahi. Simama jiwe liwe kati yako na jua. Gusa anga kwenye kioo cha simu, kisha shusha mwanga kwa kidole mpaka jiwe liwe jeusi tii. Hapa ndipo wengi wanapoharibu, wanataka jiwe lionekane na jua lionekane. Wewe unataka jiwe liwe shimo.

Mikono sasa. Mweke mama mlangoni, ndani ya kivuli, mwanga uingie kwa upande. Kama jua kwenye picha ya jiwe liko kushoto, mlango nao uwe kushoto kwake. Chini ya dagaa tandika kitambaa cheusi kisichong'aa. Baibui la zamani linafaa kuliko yote. Dagaa ni fedha tupu, juu ya cheusi watatokeza wenyewe bila kuongezwa chochote.

Ukishapata hizo mbili, fungua picha ya jiwe kwenye Snapseed, ingia Double Exposure, ongeza picha ya mikono, ivute kwa vidole viwili mpaka ikae ndani ya umbo la jiwe. Kuna alama ya kuchagua namna ya kuchanganya, chagua Lighten. Inachofanya ni kulinganisha picha mbili nukta kwa nukta na kubakiza ile yenye mwanga zaidi. Anga ina mwanga kuliko baibui, anga inabaki. Vidole vina mwanga kuliko jiwe, vidole vinaingia. Hujakata kitu. Cheza na kitelezi cha kufifisha mpaka zote mbili ziwe na nguvu unayotaka.

Ikitokea kidole kimevuka mpaka kikaonekana angani, usifute kazi yote. Gusa ile alama ya juu ya historia ya mabadiliko, ingia View Edits, gusa Double Exposure, chukua brashi. Hapo mikono inaonekana pale tu ulipopaka, na ukizidisha unaweka brashi kwenye sifuri unapitisha inafutika. Brashi yenyewe haina kitufe cha ukubwa. Ukikuza picha ndiyo inakuwa nyembamba. Hilo nililijua baada ya mwaka mzima wa kutukana simu.

Jambo la mwisho: picha mbili zilizopigwa saa tofauti zina chenga tofauti, moja laini moja imekwaruza. Zikishaungana pitisha chenga kidogo za filamu juu ya zote, au zigeuze nyeusi na nyeupe. Zinakuwa ndugu.

Mtoto wa Igoma

Sawa fundi, hiyo ya baibui nimeiba.

Wino Mweusi

Niko kwenye uchapishaji, naomba niseme la A3.

Picha ikipita WhatsApp kama picha ya kawaida inabanwa, mara nyingi upande mrefu unabaki na pikseli 1600 hivi. A3 ina urefu wa sentimita 42, yaani inchi 16 na nusu. Gawanya: unapata nukta kama 97 kwa kila inchi, wakati sisi tunapenda 300. Ndiyo vigae vigae ulivyoona kwenye vidole. Picha ya pikseli 4000, ambayo simu nyingi za megapikseli 12 zinatoa, ingekupa 240 na ushee, na kwa picha ya ukutani hiyo inatosha, hakuna anayeitazama kwa pua.

Kwa hiyo tuma kama dokumenti, au nenda na flashi. Kabla ya hapo ingia mipangilio ya Snapseed uhakikishe haipunguzi ukubwa wakati wa kuhifadhi, na ubora uwe 100.

Kuhusu weusi: wewe unaediti kibandani mchana, mwanga wa kioo umepandishwa hadi mwisho, si ndiyo? Karatasi haina taa ndani. Shusha mwanga wa simu mpaka katikati, editi kivulini, kisha ongeza mwanga kwenye sehemu za giza kidogo kuliko unavyoona inafaa. Na ile bluu ya sabuni uliyoisema mwenyewe, wino hauna. Mashine inatafuta bluu ya karibu yake, inaleta hiyo chai ya mkandaa. Chapisha kwanza kipande kidogo ukubwa wa kadi. Mtu akikukatalia kipande cha majaribio, toka nenda duka la pili.

Mzee wa Negativu

Nimesoma uzi huu nacheka peke yangu mpaka wajukuu wameniuliza kulikoni.

Mwanangu, nilikuwa na studio hapa mjini miaka ile roli ni picha 36, zikiisha zimeisha. Hiyo Lighten ya fundi wa Nyegezi sisi tulikuwa tunaifanya kwa kadibodi ya boksi la sabuni. Unaweka pazia jeusi nyuma, unafunika nusu ya lenzi, mteja anakaa kulia, unapiga. Filamu huisogezi. Unafunika nusu ya pili, mteja anahamia kushoto, unapiga tena. Akija kuchukua picha anajikuta anapeana mkono na yeye mwenyewe. Sikukuu ya Idi na Krismasi walikuwa wanajaa mpaka nje, na kila mmoja anataka hiyo. Siri ilikuwa ile ile ya baibui lako: mahali peusi filamu haiandikwi kitu, kwa hiyo bado ina nafasi ya kupokea.

Pwani walituzidi. Lamu alikuwepo marehemu Omar Said Bakor, studio yake iliitwa Bakor. Yule alikuwa anakata na kuunganisha picha za watu kwa namna ambayo ukiitazama leo utadhani imetoka kwenye simu. Hakuwa na simu. Alikuwa na mkasi, chumba cha giza na subira.

Umeuliza utajuaje pa kuacha. Sisi karatasi ilikuwa ghali. Nilikuwa nakata ukanda mwembamba, najaribia sekunde tano, kumi, kumi na tano, kisha naamua, na nikishaamua nimeamua. Wewe kukosea hakukugharimu kitu, ndiyo maana huachi. Hapo ndipo ugonjwa ulipo, wala si kwenye vitelezi.

Kipimo changu kilikuwa kimoja. Picha ikining'inia kwenye kamba inakauka, nikimwita mama wa mtoto akauliza "huyu ni nani?", nimezidisha, narudia kwa hasara yangu. Mwonyeshe mama yako. Akiuliza mikono hii ya nani, futa uanze upya.

Binti wa Mwaloni

Shikamoo mzee wangu. Hiyo ya kukosea bila gharama imenigusa mahali. Nitamwonyesha.

Mwalimu Chaki

Naongeza dogo tu, nilisoma sanaa Butimba na bado nafundisha kuchora. Kabla hujagusa rangi yoyote, geuza picha iwe nyeusi na nyeupe kwa muda, fumba macho nusu, angalia. Ukiona maumbo mawili matatu makubwa yanayosomeka, endelea. Ukiona uji, hata rangi zote za dunia hazitaiokoa. Hizo picha zako kumi za bango la kampeni, nakuhakikishia nusu yake ni uji. Ya korongo si uji, ndiyo maana watu waliipenda. Umbo moja jeusi, anga tupu.

Pili, jipunguzie vifaa. Edward Saidi Tingatinga alipoanza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968 alitumia rangi za mafuta za kupakia baiskeli na vipande vya hardboard, zile mbao nyembamba za kushindiliwa, basi. Wewe chagua vifaa vitatu ndani ya hiyo programu, vingine jifanye havipo kwa mwezi mmoja.

Hoja ya kubandika siipingi, ila kuna namna nyingine. David Hockney, mchoraji wa Uingereza, mwaka 1982 alikuwa anapiga picha nyingi ndogo za Polaroid za kitu kimoja, kila moja kutoka pembe yake, anazipanga pamoja bila kuficha viungo. Meza ya kuanikia dagaa ina urefu gani? Ipige mara ishirini ukitembea pembeni yake, zipange. Hapo stika haiwi aibu, ndiyo kazi yenyewe.

Mama Kijacho

Mimi nauliza la pembeni. Hao watu wa sokoni unawaomba? Korongo haombwi ruhusa, binadamu anaombwa. Na siku hizi tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, sura ya mtu si mchezo.

Binti wa Mwaloni

@Mama Kijacho umenishika pabaya. Mwaka jana nilimpiga mama mmoja amelala juu ya viroba, mdomo wazi, mwanga umempiga vizuri sana shavuni. Niliifanya kama mchoro wa rangi za mafuta nikairusha. Mwanawe aliiona. Alikuja kibandani hajafoka, alisema tu, "Dada, yule alikuwa na homa siku hiyo." Niliifuta pale pale mbele yake, na sehemu zote nilipoiweka. Toka hapo napiga mikono, migongo na vitu. Uso naomba kwanza, na nikiomba mara nyingi mtu anajipanga, anatabasamu, picha inakufa. Bado sijapata dawa ya hilo.

Fundi Nyegezi

Dawa yake ni kupiga picha ya kujipanga kwanza, umwonyeshe, acheke. Ya pili ndiyo yako.

Binti wa Mwaloni

Wakuu, nimerudi na mrejesho. Siku tisa zimepita.

Jiwe nililipata mara ya tatu. Siku ya kwanza mawingu. Siku ya pili watoto walikuwa wanaogelea, kila nikibonyeza kuna mmoja angani anaruka, na wakaniona wakaanza kuruka makusudi. Siku ya tatu nilifika mapema, nikashusha mwanga kama fundi alivyosema, jiwe likawa shimo jeusi lenye ukingo wa rangi ya ndizi mbivu. Nikapiga nne tu nikarudi nyumbani. Zamani ningepiga sitini.

Kumpata mama ikawa rahisi kuliko nilivyotegemea, kwa sababu mbalamwezi imeanza. Mwezi ukiwa mkubwa dagaa hawafuati taa, wavuvi wengi wanapumzika, na wachambuaji nao wanapumzika. Nikaazima baibui kwa jirani (nimemrudishia linanuka dagaa, tumesameheana kwa kilo moja). Nikambakizia mama dagaa kidogo mlangoni, mwanga kutoka kushoto. Akauliza nafanya nini, nikamwambia nafanya kazi ya shule, akakumbuka nilishamaliza shule. Basi akaendelea kuchambua, kile kidole gumba kikaanza kazi yake, na mimi nikanyamaza.

Double Exposure, Lighten, ikaingia. Nawaambia ukweli, niliogopa kidogo. Mikono ilitokea ndani ya jiwe kama ilikuwamo siku zote ikisubiri taa. Kidole kimoja kilivuka angani, nikakifuta kwa brashi, ingawa baadaye nilitamani ningekiacha. Nikapitisha chenga. Nikageuza nyeusi na nyeupe kwa muda kama Mwalimu alivyosema, na kusema kweli sikurudisha rangi. Vifaa vitatu. Sikugusa anga.

Nikapeleka kwa flashi, duka lingine. Kipande cha kadi kwanza kilitoka cheusi mno, nikaongeza mwanga kwenye giza pale pale kaunta, cha pili kikakubali, ndipo A3. Iko hapa ukutani, juu ya mashine ya kutolea risiti. Dada yangu ameitazama hajasema kitu, na kwa dada yangu huo ni ushindi.

Mzee wa Negativu, kipimo chako nilikifanya jana. Nilimleta mama kibandani, sikumwambia lolote, nikamsimamisha mbele yake. Hakuuliza mikono ya nani. Alisogea, akaweka kidole chake gumba juu ya kile kidole gumba cha kwenye karatasi, akakaa hivyo kidogo. Halafu akanigeukia kwa ukali.

"Hawa dagaa hawajakauka. Unawaweka hapa mlangoni kwa watu, kesho wateja waseme nauza mabichi?"

Ameniambia niipige upya wiki ijayo, mzigo ukishakauka. Jirani amegoma kutoa baibui. Mwenye baibui kuukuu Kirumba, Kitangiri au hata Pasiansi aniambie, nitalifua mwenyewe.